Dirisha la Kusini

Kule Uswidi, nilikokaa miaka saba nikifua mashuka ya hoteli, daktari aliniambia nina sonona ya majira. Nikamwomba anieleze tena, maana mimi jambo nalihesabu mara mbili hata likiwa la bure. Akaeleza: jua likipungua mwezi wa kumi na moja, na mimi napungua nalo, likirudi mwezi wa tatu, na mimi narudi. Akanipa taa nyeupe, bapa, pana kama sinia la pilau, nikae mbele yake nusu saa kila asubuhi. Nikamuuliza, nikikaa saa nzima Jumatatu, Jumanne naweza kupumzika? Hakucheka. Wale watu huwezi kupatana nao hata kwenye ugonjwa.

Taa ilisaidia kidogo. Kazini nilikwenda, lakini nikirudi nyumbani najitupa kitandani na koti langu. Nilikuwa nakaa na dada yangu mkubwa. Kila jioni ya baridi alikuja kunivua viatu, akavipanga mlangoni, akaondoka. Ukimwona dada yako mwenye magoti mabovu anapiga magoti kukufungua kamba za viatu, unaanza kutafuta nauli.

Binamu yangu alikuwa Johannesburg, anauza vitenge katika korido ya jengo moja kuukuu la Marshalltown. "Huku baridi ipo," aliniambia kwenye simu, "ila jua halikosi. Mwezi wa sita, wa saba, mbingu kama imepigwa pasi. Njoo tusaidiane duka." Watu waliniuliza mbona nisirudi Tanga tu. Tanga jua ni la kumwaga, sibishi. Lakini Tanga kuna ndugu. Ukitoka Ulaya baada ya miaka saba na sanduku moja, sanduku wataliuliza, na sonona wataiita uvivu.

Dada alikubali kwa sharti. "Nenda. Lakini ikikurudia huko huko, unarudi hapa nikuone kwa macho yangu. Bosi wa hoteli nimeongea naye, nafasi yako ataishika mpaka mwisho wa mwezi wa saba." Nikasema sawa. Akatia ile taa kwenye sanduku langu. Nikaitoa, nikamwambia naenda kwenye jua, taa ya nini? Akaitia tena. Nikaitoa tena. Nilipofungua sanduku Johannesburg, taa ilikuwemo, imezongwa ndani ya khanga yangu mwenyewe.

Niliisukuma chini ya kitanda bila kuifungua.

Hapo ilikuwa Januari 2016, kiangazi chao, na chumba nilikipata mtaa wa Berea, kwenye ghorofa moja kongwe ambalo lifti yake ilikuwa kabati la mtu la kuwekea ndoo. Ghorofa ya nne kulikuwa na vyumba viwili visivyo na wapangaji vinavyotazamana, korido katikati. Kimoja dirisha lake linatazama kusini, kingine kaskazini. Miaka saba ya Uswidi ilikuwa imenifundisha jambo moja kuhusu nyumba: dirisha zuri ni la kusini. Kule watu wanagombea balkoni za kusini kama watoto wanavyogombea ukoko. Kwa hiyo msimamizi wa jengo, Mzulu mmoja mnene mpole, aliponifungulia kwanza chumba cha kaskazini, nikajua nimepata mtu wa kunijaribu.

"Mama, chukua hiki," alisema. Tulikuwa tunaongea Kiingereza cha kuazima, kila mtu na lafudhi yake. "Hiki ni kizuri winta."

Nikachungulia. Chumba kizima kilikuwa na kivuli, hata mwale wa jua haumo. "Na kile?"

"Eish. Kile cha kusini."

"Ndicho nitakacho."

"Mama, kile—"

"Baba, mimi sikuzaliwa jana."

Lakini sikutaka kukurupuka. Nikaja kukikagua asubuhi na mapema: jua limelala juu ya godoro. Nikarudi jioni: jua limesimama dirishani. Mara mbili, kama kawaida yangu. Msimamizi aliinua mikono, akanipa ufunguo wa kusini, na kile cha kaskazini akakipangisha wiki hiyo hiyo kwa fundi cherehani mmoja wa Kikongo, mwanamke wa makamo kutoka Bukavu. Nilimwonea huruma. Mgeni, nikasema moyoni, wamemtupia chumba cha giza.

Na binamu nikapatana naye zamu. Korido yetu ya Marshalltown haina dirisha hata moja, unauza kitenge chekundu chini ya taa ya umeme mteja anakwenda nacho nje anakirudisha, anasema si chekundu. Nikachagua zamu ya kuanzia saa saba mchana, ili asubuhi yote niwe chumbani kwangu na jua langu. Nilijiona nimewapata wote: daktari, msimamizi na binamu.

Mwezi wa tatu jua likaacha godoro. Likabaki ukutani, kipande kama leso. Mwezi wa nne likaondoka kabisa. Nikadhani ni mawingu, nikachungulia: mawingu hakuna, mbingu ya buluu kama alivyosema binamu, na jengo la ng'ambo linang'aa lote. Jua lipo kwa watu, kwangu halipo. Mwezi wa tano ukuta ukawa baridi kama mgongo wa samaki, na mimi nikaanza kuamka nimechoka. Nguo nikawa naacha kwenye beseni. Siku moja nilirudi kutoka Marshalltown, nikalala, asubuhi nikajikuta bado nimevaa viatu.

Niliviangalia kwa muda mrefu, vile viatu.

Binamu alisema, "Jua si liko nje? Toka nje." Ni kweli, na jua la bure. Lakini mtu asiyeweza kuteremka kitandani, jua la nje ni mali ya wengine. Nilitoka saa saba kwa sababu zamu ni zamu, nikaingia kwenye korido, nikatoka giza limeshaingia.

Dada alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Ilikuwa Juni, kwake jua linakesha, uso wake kwenye simu unawaka. Akasema, "Washa taa nikuone, mdogo wangu." Nikasema umeme umekatika. Umeme ulikuwepo.

Jumapili moja ya mwezi huo fundi aligonga mlango wangu, anaomba chumvi. Nikammiminia kiganjani, na kwa adabu nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake, pakiti bado mkononi. Akafungua. Ilikuwa karibu saa tano asubuhi. Jua lilikuwa limejaa chumba kile kutoka dirishani mpaka ukuta wa nyuma, juu ya kitanda, juu ya cherehani, mpaka ndani ya sufuria. Na yeye, nusu ya chini ya dirisha alikuwa ameiziba kwa maboksi.

Nilisimama pale na pakiti ya chumvi.

"Dada ya Tanzania, uko unaumwa?" fundi aliuliza.

"Jua hili linaingia tangu lini?"

"Tangu baridi ilianza. Huku jua ya winta inapitia upande wa kaskazini. Weye hukujua?"

Nilishuka kwa msimamizi. Alikuwa nje, ameegemea ukuta wa kaskazini pamoja na paka wake, wote wawili wamefumba macho. "Ulijua," nikamwambia.

"Mama, nilikwambia kizuri winta. Wewe ukasema hukuzaliwa jana." Akafungua jicho moja. "Nikasema labda huyu hapendi joto."

Nilipanda ngazi ghorofa nne nikifikiria. Uswidi iko juu ya dunia, jua linakaa kusini kwao. Huku tuko chini, jua linakaa kaskazini. Januari lilikuwa utosini, likanizuga asubuhi na jioni, saa ambazo mimi mjanja nilikwenda kukagua. Mtu wa Tanga asingekosea, maana Tanga dirisha ni dirisha. Mtu wa Johannesburg asingekosea. Ilibidi uwe mtu wa Tanga uliyefundishwa nyumba na Waswidi.

Basi, kazi yangu ilikuwa kubadilishana chumba na fundi. Na kupatana ndiyo fani yangu. Kanuni ya kwanza sokoni: usionyeshe shida. Nikanawa uso, nikavaa gauni safi, nikagonga.

"Jirani," nikaanza, "naona jua linakula vitenge vyako." Na kweli, bunda lililokaa karibu na dirisha lilikuwa limefifia upande mmoja. Ndiyo maana ya yale maboksi. "Mimi chumba changu hakina jua hata kidogo. Nguo inakaa na rangi yake. Kwa ujirani, naweza kukubali tubadilishane."

Alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa taratibu. "Weye uko unanionea huruma?"

"Ujirani."

"Aksanti. Lakini wateja wangu banajua mlango hii. Halafu pale kwako iko giza, nitashonaje nguo nyeusi ya msiba? Utaniongezea nini?"

"Nikuongezee? Mimi ndiye ninayekuokolea mali!"

"Basi iache, mali iungue."

Nikafanya nilivyofanya maisha yangu yote: nikacheka, nikasema haya, nikaondoka polepole ili aniite. Korido ile ina hatua chache tu. Nikazitembea kama maharusi. Mlangoni kwangu nikahangaika na ufunguo kwa makusudi. Nyuma yangu cherehani likaanza kulia, trrrr.

Hakuniita siku ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Naye alikuwa mtu wa soko, ananingoja mimi nirudi. Tulikutana kwenye ngazi tukasalimiana vizuri mno, kama watu wanaopishana bei.

Mwezi wa saba ukafika. Jumapili dada akapiga, safari hii hakuomba niwashe taa. "Bosi ananiuliza," alisema. "Nimwambie nini?"

"Nipe mpaka Jumapili ijayo."

"Mdogo wangu. Unalala na viatu?"

Nikamuuliza hali ya magoti yake, akawa amejibiwa. "Nitakutafutia tiketi," akasema kwa sauti ndogo, si ya kunigombeza.

Nilikaa kitandani. Kurudi maana yake mwezi wa kumi na moja ningekuwa tena kitandani na koti langu, na dada amepiga magoti anafungua kamba. Nikainama, nikaivuta taa kutoka uvunguni. Vumbi lilikuwa limeganda juu ya khanga. Nikaifungua, nikaichomeka kwenye adapta ya simu, ikawaka. Chumba kizima kikawa cheupe, hata nyufa za dari nikaziona. Sikukaa mbele yake. Niliichomoa, nikaibeba hivyo hivyo na adapta yake, waya unaburuta, nikavuka korido nimevaa kitenge cha kulalia na nywele hazijachanwa.

Fundi alifungua akaniangalia juu mpaka chini. "Yesu. Nini hii?"

"Taa."

"Naona ni taa. Ya nini?"

"Ya wagonjwa," nikasema. "Mimi mgonjwa. Jua likikosekana mimi siwezi kuamka, siwezi kufua, siwezi kitu. Nilihama Ulaya kwa ajili hiyo. Nikachagua chumba kibaya kwa mdomo wangu mwenyewe. Si kukuokolea vitenge. Ni mimi ninayetaka jua lako. Chukua taa hii ushonee nguo zako nyeusi, unipe dirisha."

Katika biashara hakuna mtu anayeongea vile. Ni kama kuingia sokoni umegeuza mifuko nje nje, ukamwambia muuzaji jihudumie. Nilisubiri anikamue.

Alichukua taa, akaichomeka, akaleta kipande cha kitambaa cheusi, akakigeuza mbele ya mwanga. Akatazama uzi.

"Mudogo wangu aliyebaki Bukavu alikuwa vile," alisema. "Miezi mingi, kulala tu. Tulisema ni pepo." Akazima taa. "Sasa weye, wiki tatu unapita na mashavu juu, 'ujirani, ujirani'. Shida ni ugonjwa, mbona unaleta biashara?"

"Na wewe mbona hukuniita?"

"Nilikuwa nangoja upandishe." Akacheka mpaka akashika cherehani. "Mi nilikuwa nataka kuhama tangu mwezi ya tano! Vitenge vinakwisha!"

Tulihamishana siku ile ile. Msimamizi alishika upande mmoja wa cherehani, mimi mwingine, na alipoona maboksi yanatolewa dirishani alisema "sharp" tu, yaani sawa, kwa heshima, hakuongeza la winta. Fundi alikuwa na sharti moja tu: wateja wake wakigonga mlango niliohamia, niwaelekeze ng'ambo bila kununa.

Sikupona kesho yake. Lakini asubuhi jua lilikuja lenyewe mpaka kitandani, sikulazimika kulifuata. Siku za kwanza nililala ndani yake kama yule paka. Halafu wateja wakaanza. Saa mbili, mama mmoja na gauni la ubatizo. Saa mbili na nusu, kijana na suruali ya sare ya ulinzi imepasuka matakoni. Kila mmoja ananiamsha, kila mmoja lazima nivae niende mlangoni. "Fundi yuko mlango ule." Ukishasimama mara tatu, unaona aibu kurudi kulala. Mwishoni mwa wiki beseni lilikuwa tupu na nguo zinakauka dirishani.

Jumapili dada akapiga mapema kuliko kawaida. Alikuwa na tiketi mbili za kunisomea, moja ya kupitia Doha. Nikamwacha asome zote, maana hata mimi napenda kusikia bei. Kisha nikaigeuza simu taratibu, aone kitanda kilivyotandikwa, dirisha, na viatu vyangu vimepangwa mlangoni.

Nikasikia anapenga kamasi.

"Umeme umerudi?" akauliza.

"Mwambie bosi asinishikie nafasi," nikasema. Mlango ukagongwa. "Subiri, dada, huyo si wangu. Fundi yuko mlango ule!"

"Fundi nani?"

"Nitakueleza," nikasema, nikasimama kwenda kufungua.