Breki za Mkanda wa Mkonge

Mkanda wa mashine ukiwa baridi unashika vizuri. Hilo sikatai. Ungekuwa haushiki kabisa, yule meneja wa shamba la mkonge angegundua mwenyewe kabla hajafika mbali, nami nisingebeba hasira hii mpaka leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi katika gereji moja karibu na stesheni ya Voi. Shule niliiacha darasa la nne, mwaka tuliomzika mama miezi michache baada ya baba, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwalea. Ndugu yangu anayenifuata nilimsomesha mpaka akachoka mwenyewe, kisha nikamwombea kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Mwatate. Walimweka kwenye troli. Zile troli zilishuka na majani kwenye reli nyembamba mpaka kiwandani, na breki zake zilikuwa magogo yaliyovikwa mkanda mkuukuu wa mashine. Mtu mmoja alikanyaga wenzo. Ndugu yangu alikaa kando na debe la maji, akiumwagia mkanda usiungue. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kutwa nzima, kumwaga maji.

Meneja wa shamba hilo, kijana wa Kizungu, alikuwa na kigari cha mbio, cha wazi, cha viti viwili, kilichotengenezwa kabla ya vita. Breki zake zilivutwa kwa nyaya. Jumatatu moja alikileta gereji akasema Jumamosi atashindana na rafiki yake kushuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, na breki hazimfai.

Nilifungua magurudumu nikamwonyesha. Lainingi, yaani lile tabaka gumu linalokaa juu ya viatu vya breki na kusugua dramu ya gurudumu, ilikuwa imekwisha, na ribiti, misumari inayoishikilia, zinakwaruza chuma. Nikamwambia tuagize nyingine Mombasa.

"Gari ni zee. Silimwagii pesa," akasema, akatupa juu ya benchi kipande cha mkanda wa kiwandani. "Huu unasimamisha troli iliyojaa mkonge. Utashindwa na kigari hiki?"

"Bwana, troli inakwenda polepole. Tena inamwagiwa maji."

Alimgeukia tajiri wangu, mwenye gereji. "Boi wako ana maneno mengi."

"Weka mkanda," tajiri akaniambia.

Nikaweka. Jumanne jioni meneja alikijaribu kigari kwenye barabara ya stesheni, tambarare kama meza, akasimama mara tatu huku vumbi likimpita. Alirudi anacheka, akakiacha gereji mpaka Jumamosi asubuhi. Akanigonga bega kama mtu anavyompiga punda aliyefika na mzigo. Nilijiambia, shingo ni yake, na aivunje.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ndugu yangu ukumbini amevaa miwani mikubwa ya vumbi, wadogo zetu wawili wamemzunguka wanacheka.

"Kaka, niangalie! Si nafanana na rubani?"

"Umeipata wapi?"

"Kwa meneja. Jumamosi nakaa naye garini. Anasema kwenye kona gari linainuka upande wa kushoto, anataka mtu wa kulikandamiza."

"Kwa nini asiweke gunia la mawe?"

"Gunia haliwezi kuegemea kwenye kona," akasema kwa fahari kabisa. "Mtu anaweza."

Nilimvua ile miwani kwa nguvu mpaka ikamkwaruza sikio. Nikamwambia haendi. Nikamweleza kuhusu mkanda, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeufunga, kwamba kona za Wundanyi hazina maji ya kumwagia.

"Wewe, wewe unayebeba debe kila siku! Unafikiri lile debe ni la nini?"

"Meneja amesema amelijaribu gari."

"Barabara ya stesheni!"

"Kaka, ulisema soma, nikasoma. Ulisema nenda kwenye mkonge, nikaenda. Nikimkatalia huyu, Jumatatu sina kazi. Utaniombea nyingine tena?" Akaiokota miwani chini akaifuta kwa shati. Mdogo wetu wa mwisho akaanza kulia, akidhani tutapigana. Kidogo tupigane kweli.

Nyuma ya gereji kulikuwa na lori la jeshi lililobaki tangu vita, limeota majani mpaka kwenye usukani. Kila fundi wa Voi alikuwa amelipita. Jumatano alfajiri nililifungua magurudumu nikakuta lainingi yake bado nzima, nene mara mbili ya ile niliyoihitaji. Haikugharimu kitu ila mikono. Niliibandua, nikaiosha kwa petroli, nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikaipunguza kwa tupa mpaka vidole vikatoka malengelenge.

Tajiri alikuwa na desturi ya kulala baada ya chakula cha mchana. Jumatano, akiwa amelala, nilitoa mkanda kwenye gurudumu moja la mbele nikafunga lainingi ya lori kwa ribiti za shaba. Alhamisi nikafanya la pili. Ya nyuma niliyamaliza Ijumaa alipokwenda msikitini. Kila gurudumu nilipaka chaki ndani ya dramu, nikazungusha, nikafungua kuona chaki imegusa wapi. Palipogusa nilisugua kwa tupa, nikafunga, nikazungusha tena, mpaka lainingi nzima ikawa nyeupe. Mafundi wengi huruka hatua hii. Kisha nikainua kigari juu ya mawe nikakaza nyaya hadi magurudumu yote manne yakawa mazito sawasawa mkononi. Kila nilipokaza niliwatukana wote wawili, meneja kwa sauti, ndugu yangu moyoni.

Vipande vya mkanda nilivificha kwenye kopo chini ya benchi.

Jumamosi sikwenda kuangalia. Nilifanya kazi, na kila gari lililoingia kutoka njia ya Mwatate nilitoka nje kulitazama. Alasiri ndugu yangu akatokea kwa miguu, mwekundu kwa vumbi, miwani juu ya paji.

"Tumeshinda, kaka! Unaona? Na wewe ulivyonipigia kelele."

Nilimshika mabega yote mawili nikamtazama miguu, mikono, uso. Kisha nikarudi kwenye kazi. Sikumwambia. Nilitaka amalize furaha yake kwanza, halafu nimwambie nikiwa nimetulia.

Sikupata nafasi ya kutulia. Jumatatu meneja alifika, na nyuma yake lori la shamba, lile lililowarudisha wafanyakazi Voi kila jioni wakiwa wamesimama wamebanana, ndugu yangu miongoni mwao.

"Mkanda!" akamwambia tajiri. "Wundanyi mpaka chini, breki hazikulegea hata kidogo. Sasa nifungie na lori hili. Magurudumu yote."

Tajiri alikuwa tayari ananiita. Ningeweza kuinama, nikafanya tena wizi wangu wa mchana. Lakini lile lori la jeshi lilikuwa limekwisha kutoa lainingi yake, na sikuwa na nyingine.

Nilivuta kopo nikalimwaga miguuni pa meneja.

"Mkanda wako huu hapa, bwana. Haukufika Wundanyi. Ulichoshukia ni lainingi ya lori lile pale nyuma."

Hakuuliza jinsi nilivyofanya, wala hakusema ahsante kwa shingo yake. Alimwambia tajiri, "Boi wako ni mwongo au ni mwizi. Chagua." Tajiri alichagua yote mawili, akanifukuza. Sikufika adhuhuri pale. Lakini dereva wa lori, mtu mzima wa Sagalla, alikuwa ameteremka na kusikia yote. Alimwambia meneja mbele yangu kwamba lori likifungwa mkanda atafute dereva mwingine, kisha akapanda akaondoka nalo kama lilivyokuja.

Niliondoka na vile vipande mfukoni. Ndugu yangu alirudi nyumbani jua likiwa bado juu, habari zangu zimeshamfikia kule shambani.

"Ungenyamaza tu, kaka. Kazi yako ilikuwa nzuri."

Nilitia bati kwenye mafiga yaliyokuwa yakichemsha maharagwe, nikaliacha mpaka likawa jekundu, nikaweka kipande cha mkanda juu yake. Hata hakikungoja. Kilijikunja, kikatoa moshi mweusi wa mpira, kikashika moto, na wadogo zetu wakakimbia uani wakikohoa. Ndugu yangu aliruka, akachota maji kwa kata, akamwaga. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kutwa nzima kule kwenye reli.

Akabaki amesimama na ile kata tupu. Nilimwacha asimame. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilitaka anuse.