Pombe ya Nsimire ya kupatanisha daraja

Katika Bukavu yote hakuna mwanamuke aliyejua kutengeneza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, kama Nsimire wa mutaa wa Nguba. Mukinibishia, muulizeni mbuzi wa Papa Lucien. Alikula machicha yake asubuhi, mchana tukamukuta juu ya bati za kanisa, na alikataa kushuka mpaka padiri amupe baraka. Mimi nilimuona. Na macho haya.

Bon. Huyo Nsimire alikuwa na binti mumoja tu, Adolphine, aliyeolewa ng'ambo ya mto Ruzizi, kule Cyangugu, Rwanda. Zamani kuolewa ng'ambo haikuwa safari. Ukipiga chafya upande wa Zaïre, wa kule wanakuambia pole. Asubuhi tulivuka daraja na mafuta ya mawese na vitenge, jioni tukarudi na maharagi na maziwa, watu wa douane, wale wa ushuru, wakapata chao kidogo, kila mutu akalala vizuri.

Kisha wakubwa wakaanza kugombana. Nitawaelezea vile nilivyoelewa mimi, maana kwenye banc ya shule sikukaa hata siku moja. Kahawa yetu ilikuwa na tabia mbaya. Usiku ilitoka shambani kwa miguu yake, ikavuka maji bila karatasi, asubuhi ikabatizwa jina lingine na kuuzwa kwa Wazungu kama mutoto wa kule. Zahabu ya Shabunda ikamufuata rafiki yake. Wakubwa wa huku wakasema: munatuibia. Wa kule wakasema: nyinyi munatufichia adui ndani ya makambi ya wakimbizi, usiku wanakuja kutuchoma. Kila upande ulikuwa na radio yake, na kila radio ilikuwa na mudomo kushinda wa kiboko. Chumvi ikapanda bei. Sabuni ikapotea. Maharagi yakawa kitu cha kusimulia watoto. Halafu asubuhi moja tukaamka, daraja limefungwa, na Adolphine kule ana mimba ya kwanza, tumbo limeshuka.

Kwetu, mutoto wa kwanza wa binti ni kazi ya mama. Mama ndiye anayeogesha kitoto, ndiye anayemukanda binti na maji ya moto na kumupikia. Binti akizaa bila mama yake, watu wanamuhurumia kama yatima. Basi Nsimire akazunguka Nguba kama kuku aliyefungwa kamba ya muguu. Alikwenda ukingoni mwa ziwa, akakuta askari. Alimuomba muvuvi wa Idjwi amuvushe na pirogue, muvuvi akamuonyesha matundu ya risasi: "Maman, mimi nataka kuzeeka." Akapanda kilima aangalie tu bati za kule, wakamufukuza eti anapeleleza. Na sisi wengine vilevile. Tulikuwa ndani ya Bukavu kama sambaza, vile visamaki vya ziwa, ndani ya sufuria, na anayechochea moto hatumuoni.

Siku moja akaingia kwangu, macho yanawaka.

— Mama Séraphine, hii ugomvi nimeielewa. Ni ya bakwe.

— Ya bakwe, ba upande ya bibi na ba upande ya bwana? Namna gani?

— Bakwe bakigombana, tunafanya nini? Tunaweka kibuyu ya kasiksi katikati, mirija mbili. Huyu anavuta, ule anavuta, maneno inaisha. Ile daraja inakosa tu pombe.

— Nsimire weye, ile ni serikali!

— Serikali haina bakwe?

Nilimucheka, lakini nilimusaidia. Tulitoa ndizi zilizoivia ndani ya shimo, tukazikamua na majani, tukatia unga wa mutama, wa mwisho aliobaki nao. Ilipochacha, harufu ilifika mpaka Minova, walevi wa kule wakaanza kufunga mizigo.

Tukajaza kibuyu, tukaenda sisi wawili. Kwenye daraja chef wa askari wetu alikuwa adjudant Barthélemy, mutu mwembamba, koti ya serikali ndiyo iliyomuvaa yeye. Mushahara wake ulikuwa hadithi kama hizi zangu.

— Maman, unabeba nini?

— Amani, chef.

— Amani iko na harufu nzuri. Tula muzigo hapa chini.

Nsimire akaeleza: kibuyu kikae katikati ya daraja, murija wenu huku, murija wao kule.

— Tuonje kwanza, Barthélemy akasema. Kama iko na sumu, ba kule batasema ni sisi.

Akaonja. Akamuita mwenzake aonje kama yeye ameonja vizuri. Mwenzake akaita wengine. Nsimire alipoinua kibuyu, kilikuwa chepesi kama kofia.

— Na ba kule? akauliza.

— Ba kule bako na kiu yabo, maman. Sisi tuko na yetu.

Askari wa ng'ambo walikuwa wanaangalia na kumeza mate. Mumoja akaita: "Hata murija mumoja, ndugu zangu?" Wa kwetu wakacheka, wakageuza kibuyu kichwa chini wamuonyeshe kilivyo kikavu. Yule akakoki bunduki. Wa kwetu wakakoki zao. Hivi hivi, mbele yangu, pombe ya kupatanisha ikataka kuleta vita.

Mimi nilikwisha kuwa chini ya meza ya douane. Nsimire alibaki pale katikati, bunduki mbele, bunduki nyuma, hana pa kwenda. Ndipo alipomuona Adolphine kule ukingoni, kati ya wanawake wanaochota maji, kifurushi cha kitenge kifuani.

— Adolphine! Umezaa?

— Nimezaa, mama! Mwanamuke!

— Nani anamuogesha?

— Hakuna mutu! Mama mukwe iko Kigali! Naogopa atateleza ndani ya maji!

Nsimire akamunyang'anya Barthélemy kibuyu, akaketi chini, akakilaza juu ya mapaja yake kama mutoto.

— Angalia mukono yangu! Ya kushoto chini ya shingo! Hapana, chini!

Adolphine akamufungua mutoto. Yule askari aliyenyimwa murija akashuka ukingoni, akaweka bunduki kwenye majani, akachota maji na beseni, akamushikia.

— Shingo! Barthélemy akapiga kelele. Ashike shingo, mimi nimezaa munane!

— Weye nyamaza, Nsimire akamujibu, ulizaa weye?

Waliogesha migongo, waliogesha makwapa, huku kibuyu, kule mutoto, na bunduki zote zinaangalia chini. Kisha jeep ya wakubwa ikafika kwa upande wetu, filimbi ikalia, kila askari akakimbilia mahali pake.

— Maman, toka, Barthélemy akasema, bila kumuangalia. Usirudi tena.

— Bado kichwa! Hatujafika kwenye kichwa!

Walimusukuma mpaka barabarani.

Siku chache tu zikapita, mabomu yakaanza kuvuka. Daraja lilifunguka, ndiyo, lakini kwa wenye bunduki. Mutaa wote ukashika njia ya Walungu, magodoro kichwani. Nilipita kwa Nsimire, nikamuvuta mukono, akashika nguzo ya mulango.

— Twende, batakuua!

— Adolphine akikuja pale kwa maji kuniuliza namna ya kuogesha kichwa, mimi niko Walungu, atauliza nani?

Nilivuta tena. Vidole vyake havikuachia ile nguzo. Nikamuachia mukono.