Firigisi ya Baba Mkwe

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Jumapili baba mkwe alitutembelea hapa Kakamega. Nilimpikia kuku, na nikiwa jikoni nikaonja imondo, ile firigisi ambayo kwetu huliwa na mzee tu. Niliionja mpaka ikaisha.

Mezani mzee akageuzageuza nyama kwenye bakuli. "Mwanangu, imondo iko wapi?"

Ningesingizia paka. Lakini mzee alifundisha Kiingereza maisha yake yote, nami nikataka kumfurahisha. "Strike me dead, Baba, sijaiona!"

Uso wake ukang'aa. Akaweka kijiko chini. "Unajua maana yake? Unamwomba Mungu akuue papo hapo kama unadanganya. Imetokana na viapo vya zamani. Mtu alimwita Mungu awe shahidi wake, na watu waliamini kwamba mwongo atapigwa na radi."

"Na radi?" nikauliza. Mnaijua mvua yetu ya alasiri. Mabati yalikuwa yameshaanza kulia.

Radi ikapiga kama imetua sebuleni. Nilipozinduka nilikuwa chini ya meza, nimekumbatia mguu wa baba mkwe, mimi ambaye kwa mila zetu hata mkono simpi, huku nikipiga mayowe: "Ni mimi, Baba! Niliila na chumvi!"

Kisha mzee akainama, akachungulia chini ya meza, akasema kwa upole, "Mungu amekusamehe imondo, mwanangu. Sasa niachilie mguu."