Kapu Lililotutangulia Pangani

Mama mkwe wangu alikubali kwenda kuiona bahari kwa sharti moja. Alikuwa amekuja kututembelea Kasulu kutoka kwake Kitahana, mvua ya Novemba inapiga bati hadi tunasemezana kwa kupaza sauti, na mume wangu alikuwa amemaliza kumweleza safari nzima. Tungesafiri likizo ya Desemba kwa gari letu wenyewe. Tungempitia kwake, wilayani Kibondo, twende mpaka Tanga, halafu tushuke na pwani taratibu, Pangani hadi Bagamoyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai.

“Nitakwenda,” alisema. “Lakini nijue nitalala wapi. Kila siku nijue, kabla sijatoka kwangu.”

“Mama, gesti ziko kila mahali,” mume wangu akamjibu. “Tutakapochoka ndipo tutakapolala.”

“Oya, hapana. Hivyo nimeshalala vya kutosha. Kama hamjui pa kulala, nendeni, mniletee picha.”

Akanywa chai yake. Mume wangu akamwongezea chai bila kubisha, nami nilijua kwa nini. Mama alivuka kutoka Burundi akiwa mtoto, kwa miguu, upande wa Manyovu, ameshika kitenge cha bibi yake. Walilala kanisani, wakalala darasani, wakalala porini, kisha ikawa miaka ya turubai. Leo ni raia, ana shamba, ana nyumba ya matofali aliyoyafyatua mwenyewe, lakini habari za nyuma hazisimulii kama hadithi. Ukipita naye barabarani atakuonyesha tu kwa kidole: hapa tulilala, pale tulifukuzwa usiku ule ule. Ramani yake ya dunia ni sehemu alizolala bila kujua kama kesho yake atalala hapo tena.

Basi safari ikawa mikononi mwangu. Mimi kwetu ni Njombe, nililetwa Kasulu na ajira ya ualimu, na nikiri kwamba napenda kupanga mambo kuliko ninavyopenda kuyafanya. Mume wangu huniita ofisi ya ratiba. Nilichukua simu na kikombe cha kahawa nikaanza kuwapigia watu wa gesti na loji, nikidhani kazi hiyo ni ya jioni moja.

Jamani, Desemba pwani! Singida nilipata, Morogoro nilipata. Lakini kila nilipogusa bahari nikaambiwa pamejaa. Kuna harusi, kuna familia ya watu wengi kutoka Arusha, kuna wanaokuja kila mwaka na vyumba vyao havigusiki. Waliosema nafasi ipo walisema kwa namna ya kutisha zaidi. “Nyie njooni tu,” mmoja aliniambia, “hatukosi pa kuwaweka.” Nilimfikishia mama maneno hayo kwa moyo safi kabisa. Alinitazama kama aliyeambiwa alale juu ya mti.

“Hatukosi,” alirudia. “Hata kule kambini walisema hatukosi.”

Na alikuwa na maswali yake. Mlango unafungwa kwa ndani? Mwenye nyumba analala hapo hapo au anakuja asubuhi? Ana watoto? Jirani ni nani? Niliyauliza yote, nikicheka kidogo ili nisionekane mshamba, na wenye loji nao wakacheka. Hakuna aliyejua jirani yake ni nani. Nilipokaribia kukata tamaa, mwalimu mwenzangu mwenye shemeji Tanga akanipa namba ya mama mmoja wa Pangani, mjane, mwenye vyumba vichache nyuma ya nyumba yake. Yule mama alisema chumba anacho, na kingine kidogo cha mimi na mume wangu.

“Nakuwekea, mwanangu, lakini sikufichi,” alisema. “Msimu huu watu wanakuja wamesimama hapo mlangoni na pesa mkononi. Mkichelewa, mimi ni binadamu.”

Nikamweleza mama kila kitu, hata hilo la ubinadamu. Nilitegemea akatae. Badala yake akauliza, “Anaishi hapo hapo? Anapika hapo hapo?” Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamwomba mume wangu namba ya yule mama ili amsalimie. Kesho yake akarudi Kitahana. Bagamoyo nako nikapata, kwa onyo kwamba tukipitisha saa, chumba kinatolewa. Nilifurahi, nikajipongeza, nikaendelea kusahihisha mitihani.

Wiki mbili baadaye, tukiwa mapumziko shuleni, simu ikalia. Alikuwa mama wa Pangani, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

“Mwalimu, nimeitwa ofisi ya basi Tanga. Naambiwa nina mzigo. Naenda, napewa kapu kubwa limeshonewa gunia. Umetoka Kigoma! Mimi Kigoma sina ndugu. Ni nyinyi?”

Nikasema sijui lolote.

“Ndani mna maharage, mna unga wa muhogo, mna asali. Mna na majani ya mgomba yaliyokauka, yamefungwafungwa. Sasa mwanangu, niambie ukweli. Mimi nimewakosea nini?”

Msomaji anayeijua nchi hii hahitaji kuelezwa hofu yake. Watani wa taifa zima wameshaamua kwamba Kigoma na Tanga ndiko uchawi ulikozaliwa, sasa fikiria Kigoma ikiitumia Tanga mzigo ambao haikuuagiza. Nilimwomba radhi yule mama hadi wanafunzi wakageuka kunitazama. Nikampigia mume wangu kazini. Alicheka, akakata simu, akapiga tena ili aendelee kucheka. “Mama kaposti maharage gesti!” alisema. Mimi sikucheka. Niliona chumba kinaondoka, na kikiondoka chumba, mama haendi.

Jumamosi tulikwenda Kitahana. Lami mpya ilitufikisha mapema, tukamkuta mama akipalilia. Nilimwuliza kwa adabu, maana ni mkwe, lakini nadhani macho yangu hayakuwa na adabu nyingi.

“Mukazana wanje, mkwe wangu,” alisema, akikung’uta udongo kwenye jembe, “wewe umesema kuna mwanamke, yuko kwake, anapika hapo. Nitaendaje kulala kwa mwanamke mwenzangu nimefika na mikono yangu hii tu?”

“Mama, ile ni biashara. Tunalipa.”

“Tutalipa. Kwani nimesema hatulipi? Malipo ni ya kitanda. Kapu ni la kusema nakuja.”

Kwao ndivyo ilivyo, na baada ya miaka yangu yote katika ukoo huo nilipaswa kujua. Mtu haendi kwa mtu mikono mitupu. Ukienda kuposa, kuhani au kuomba mbegu, kapu linatangulia mbele yako. Waswahili wote tunasema mkono mtupu haulambwi, lakini wengi wetu tunausema tu, yeye anaupakia kwenye basi. Kosa lake lilikuwa moja tu, la kudhani gesti ni nyumba ya mtu. Nilimwambia aliyepokea kapu lake ameogopa. Akashtuka kweli, akashika kifua.

“Yoo! Ameogopa maharage?”

Akaiomba simu. Nikampigia Pangani, nikaweka sauti ya juu, tukakaa kizingitini. Mama alimsalimia kwa muda mrefu, akauliza watoto, akauliza mvua, akamwambia pole kwa kufiwa na mume, ingawa alifiwa zamani. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja:

“Mama, hilo kapu si kitu. Ni chakula cha shamba langu, majani ni ya kuzuia asali isimwagike. Mimi ni mtu wa kulala kwa watu tangu mdogo. Nililala kwa watu wengi, sikuwa na kitu cha kuwapa. Sasa ninacho. Ndiyo nimekutumia.”

Nilidhani mtandao umekatika, Kitahana ni kawaida.

“Bibi wee,” yule mama akasema mwishowe. “Basi niambie, haya maharage yanapikwaje? Maana nimeyaogopa hata kuyaosha.”

Wakacheka wote wawili. Mama akaanza kumfundisha, aanze kuyachemsha bila chumvi, asiyaharakishe. Nilinyanyuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, machozi yakinitoka. Mume wangu alikuwa amefika huko kabla yangu, akijifanya anaangalia migomba.

Tangu siku ile walipigiana simu kila Jumapili, mama akitoka kanisani. Sikuhusishwa tena. Ofisi ya ratiba ilifungwa.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Nchi yetu ni kubwa na mume wangu ni dereva mzuri, asiyefukuzana na mabasi. Singida tulilala nilipopanga, Morogoro tulilala nilipopanga, na kila tulipofika mama alinishukuru kana kwamba nimejenga chumba mwenyewe. Tulifika Pangani alasiri ya siku moja kabla ya Krismasi, joto limetuvua hata maneno. Nje ya nyumba ya yule mjane palikuwa na gari kubwa jeupe, milango wazi, watoto wamechoka, na bwana mmoja mwenye miwani ya jua akibembeleza.

“Mama, nimezunguka mji mzima. Nitakupa mara mbili ya bei yako.”

Nilikumbuka maneno yake mwenyewe kuhusu watu wenye pesa mkononi, nikamtazama mama mkwe wangu kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa ameshika begi lake kwa mikono miwili, anatazama mlango ule. Sijawahi kuona mtu mzima akitazama mlango namna ile, na nisingependa kuona tena.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mfupi, mnene, kanga kiunoni. Hata hakuwa ametuona.

“Baba, nakuonea huruma na hao watoto. Nitampigia shoga yangu wa ng’ambo ya mto, wewe subiri,” alisema. “Lakini kile chumba kina mwenyewe. Mwenyewe ametoka mwisho wa nchi, na chakula chake kimeshatangulia. Kiko jikoni.”

Mama alifungua mlango wa gari mwenyewe. Walitazamana wale wanawake wawili, wakajuana kwa sauti walipoanza kusalimiana. Yule wa Pangani alimpokea begi, mama akalishikilia kidogo, kisha akaliachia. Na kweli jikoni kulikuwa na maharage ya Kitahana, yamepikwa kwa tui la nazi. Mama aliyaonja akaweka kijiko chini kwa heshima. Alipoonja mara ya pili akasema, “Mumeyafundisha adabu nyingine,” akaomba aongezewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa, na jioni ile sikuweza kusema kati yao aliyepona ni nani. Yule bwana wa miwani alipata vyumba ng’ambo, akarudi kushukuru na soda.

Tulikuwa tumepanga kulala Pangani siku tatu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kumwamkia mama, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa, amevaa viatu, begi limefungwa liko magotini.

“Mama, hatuondoki leo.”

“Najua, mwanangu. Ni mwili tu. Mwili haujui.”

Siku hiyo, tulipotoka kanisani, akaiona bahari. Aliingia hadi magotini na yule mwenyeji wake, wameshikana mikono, wakipiga kelele kila wimbi likija, na watu wa ufukweni wakawa wanawatazama wao badala ya maji. Asubuhi ya pili nilimkuta tena ameamka, begi limefungwa, lakini liko chini, na viatu hajavaa.

Asubuhi ya tatu ndiyo ilikuwa ya kuondoka. Bagamoyo tulitakiwa kufika mapema, nilikuwa nimeahidi saa na kupewa onyo. Gari lilikuwa limeshapakiwa, jua limetoka, na mama hajaonekana. Nikagonga, kimya. Nikasukuma mlango taratibu, nikaogopa, maana kwa mtu wa umri wake akili hukimbilia mabaya.

Kitenge chake kilikuwa kimetupwa juu ya kiti. Kitana kiko dirishani, kiatu kimoja karibu na mlango, kingine sikukiona. Begi lilikuwa wazi, nusu ya nguo nje, na sidhani kama nimewahi kuona vitu vya mama vimetapakaa hivyo popote. Mwenyewe alikuwa amelala chali, mikono imeachana, mdomo wazi kidogo, anakoroma.

Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu. Mume wangu alikuwa ameshika usukani tayari. Nilimwita kwa mkono, akaja akachungulia, akabaki amesimama pale mlangoni bila kugeuka. Alisema hajawahi kumwona mama yake amelala. Tangu utotoni mwake, akiamka, mama yuko macho.

Nikatoka uani nikapiga simu Bagamoyo, nikawaambia tutachelewa, na kama chumba kitachukuliwa, kichukuliwe.