Msichana Niliyefungwa Naye Kajaga

Msiniambie nilikuwa na malaria. Nimeshaambiwa hivyo na mkurugenzi wa chuo, na daktari, hata na shemeji yangu ambaye hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nimezaliwa mtaa wa Buyenzi, nimelelewa kwa Kurani na fimbo ya mama, na sijui ningepata nini kwa kumzulia marehemu uongo. Wallahi, haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa bado linachoma.

Ilikuwa miaka ya vita. Chuo chetu kilikuwa kidogo, madarasa machache nyuma ya maghala ya bandari, tukifundishwa uhasibu na ukatibu. Kidogo, lakini majivuno yake! Kilikuwa na rangi yake, kijani. Kilikuwa na wimbo wake, "Chuo kimoja, damu moja." Na kilikuwa na kitu kilichoitwa Familia, yaani kundi la wanafunzi wakubwa. Sisi wapya tuliitwa mableu, na bleu hakuwa mtu mpaka Familia imnyuzure. Kunyuzurwa ni kutukanwa, kupakwa matope, kutambaa kama mjusi, halafu kuzamishwa ziwani. Ukitoka majini unaambiwa sasa we ni ndugu.

Hebu fikiria. Nje ya ukuta watu wanauana kwa kuulizana nani ni ndugu na nani siye, na humu ndani watoto wa shule wanagawa undugu kwa matusi! Ningekataa? Aliyekataa hakuazimwa hata kalamu. Mama yangu alikuwa ameuza cherehani yake ili nisome. Nikaenda.

Walitupakia kwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo, baada ya chakula cha mchana, tukapita bariyeri za wanajeshi mpaka Kajaga, ufukweni. Kiongozi wa Familia tulimwita Doyeni, kijana mrefu mwenye sauti tamu, mtoto wa mtu mkubwa. Msaidizi wake alikuwa dada mmoja, Clarisse. Huyu Clarisse alitupanga wawili wawili, akawa anafunga mkono wa mmoja na wa mwenzake kwa kitambaa cha kijani. Akanifikia mimi. Nilikuwa wa mwisho, sina mwenza.

"We mu-Buyenzi, subiri hapo," akaniambia, akaenda zake.

Ndipo msichana akaja kusimama kando yangu. Sikuona alikotokea. Alivaa sweta ya njano, mkono mmoja umeshonwa kwa uzi wa kijani kwenye kiwiko. Sweta, na joto lile! Alikuwa na kitambaa chake mwenyewe, kimepauka kabisa. Akanifunga, akajifunga, fundo akalivuta kwa meno.

"Naitwa Spès," akasema. "Mama yangu anauza samaki wadogo wa ndagara Kinama, pale karibu na kanisa. Utamuona?"

"Nitamuona kwa nini?"

"Umwambie sikuenda porini. Mi sikufuata watu wa bunduki. Niko hapahapa."

Nikadhani ni mchezo wa Familia, kututisha. Ningedhani nini kingine? Ila mkono wake ulikuwa baridi, baridi ya samaki aliyetolewa kwenye barafu, na hiyo baridi ilikuwa inapanda kwenye mkono wangu polepole mpaka begani.

Tukaingia majini. Sheria ilikuwa hivi: Doyeni anakukandamiza kichwa, wenzake wanaimba wimbo wa chuo ubeti mzima, na wewe hutoki mpaka ubeti uishe. Ukipiga kelele, ubeti unaanza upya. Niambie, sheria kama hiyo aliitunga nani, mtu au shetani?

"Akikushika, piga kelele," Spès akaninong'oneza. "Usiogope kupiga kelele. Mi nilinyamaza."

Doyeni akatufikia akicheka. Macho yake yalikuwa kwangu tu. Akanizamisha. Nikasikia wimbo kwa mbali, kama unaimbwa nyumba ya tatu. Kifua kikaanza kuwaka. Nikapiga kelele, maji yakaniingia, yeye akazidi kukandamiza. Hapo nikahisi mkono uliofungwa na wangu unainuka, unanivuta juu.

Nikatoa kichwa. Spès alikuwa amesimama mbele ya Doyeni, uso kwa uso. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji, na maji hayakwisha kuchuruzika.

"Doyeni," akamwambia, kwa adabu kabisa, "ubeti wangu haujaisha?"

Niamini, sijawahi kusikia mwanamume akilia namna ile. Alianguka chali majini, akatambaa mpaka mchangani, yeye aliyezoea kutambaza wenzake. Wimbo ukakatika. "Mana yanje!" Clarisse akapiga ukelele, akimwita Mungu wake. "Ni Spès! Ni Spès!" Watu wakakimbilia kamyoneti, wengine bado wamefungana, wanaangushana. Nikageuka kumwangalia mwenzangu. Ziwa lilikuwa tupu. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu, na upande wa pili fundo lake halikufunguka, limezunguka hewa.

Clarisse alinisimulia njiani, analia kwa kwikwi. Spès alikuwa bleu wa mwaka uliotangulia. Alizamishwa, hakupiga kelele, hakuinuka. Walipomwinua alikuwa ameshakufa. Wakaogopa, wakamsukumia kwenye maji marefu. Kisha Doyeni na mkurugenzi wakakubaliana la kusema: kwamba alionekana akiondoka na watu wenye silaha.

Mmeelewa? Vita ilikuwa na maiti zake za kutosha, nao wakaibebesha na huyu. Tena kirahisi, maana wakati ule nani angeuliza?

Kesho yake mkurugenzi akaniita. Hakuniuliza kama ni mzima.

"Binti, una malaria. Na unaharibu jina la chuo."

"Na Spès aliharibu nini?"

"Wewe huna moyo wa chuo," akanijibu, akaniamuru nisirudi tena.

Nikaenda moja kwa moja Kinama. Mama Spès nilimkuta pale karibu na kanisa, ndagara zake mbele yake kwenye sinia. Nilipotaja lile jina alisimama kama aliyechomwa.

"Hilo jina halitajwi hapa! Kwa ajili yake wanajeshi walikuja kumchukua kaka yake. Walisema ni ndugu wa muasi. Wamemvunja mguu mwanangu. Ondoka!"

"Mama, hakuenda porini. Alikufa maji Kajaga. Wanafunzi wenzake ndio waliomzamisha."

Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Alivaa nini?"

Nikamwambia sweta, na rangi yake, na ule uzi kwenye kiwiko.

Akaketi chini. "Uzi wa njano ulikuwa umeniishia," akasema. Kisha akasema, "Kila asubuhi nimemlaani mutoto wangu. Kila asubuhi, kabla sijaosha uso."

Nikaketi naye chini, kando ya sinia. Wewe ungefanya nini?

Mama huyo hakupata haki, msitegemee hiyo. Alitandika mkeka wake wa msiba mbele ya lango la chuo, mlinzi akamfukuza, akarudi. Alifukuzwa mara nyingi. Clarisse alikuja kuketi naye, na huyo nampa heshima yake, maana hakukuwa na mwingine aliyethubutu. Mwisho Clarisse alimpeleka Kajaga, akamwonyesha mahali. Walimwaga maua majini, kasisi akasoma, na siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, mimi niliketishwa upande wa familia. Kaka yake alikuja kwa mkongojo. Na Doyeni? Leo anavaa tai, ana ofisi yenye kiyoyozi, na nasikia kwenye harusi huwa anaimbishwa.

Mkono wangu wa kulia haukupona. Hauna ganzi, kalamu nashika, mtoto nabeba. Ila ni wa baridi mpaka leo, joto haulijui. Naweza kushika sufuria iliyotoka jikoni nisijue mpaka ninuse ngozi ikiungua. Mume wangu hulala upande wa kushoto, na hatulizungumzi.

Basi we unayesoma, mwanao akija na furaha kwamba amepata ndugu wapya shuleni, mwulize wanamtaka afanye nini kwanza. Na ukiletewa habari kwamba mtu wako kachukuliwa na vita, au na maji, au na Mungu, usiinamishe kichwa ukarudi ndani. Uliza nani alikuwa naye mwisho, umtake kwa jina, na usiondoke mlangoni kwao mpaka atoke akujibu.