Siku Nilipomtania Mtu Asiye Mtani Wangu

Zamani za Mwingereza nilitoka Kurui nikaenda kuwa hamali sokoni Dar es Salaam. Shule nilisoma mpaka mwalimu alipochoka yeye, kwa hiyo kichwa changu kilifaa magunia tu. Pale hapakuwa na zamu. Lori likifika, anayewahi kushika gunia ndiye mbebaji, na asiyewahi analala njaa. Ngumi kila siku, na mimi nilikuwa hodari wa kuchupia magunia ya wenzangu, nisijifanye malaika.

Nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Mama mkwe alinikabidhi akisema, "Baba, huyu unirudishie mzima." Basi siku moja, tumeshinda njaa siku ya pili, shemeji akagombania gunia la mihogo na pande la mtu. Mara namwona shemeji anachomoa kisu.

Kumshika mkono niliogopa, nasema kweli. Nikakumbuka utani. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani hata akijilaza kaburini msibani kuzuia maziko, humkasirikii. Yule bwana, kwa upana wa mabega, nikamhukumu kuwa Mnyamwezi. Nikajitupa chali juu ya gunia.

"Ewe mtumwa wangu! Babu yangu alikununua kwa kibaba cha chumvi, leo unanigombea mihogo? Nizike kwanza!"

Akanitazama. "Mtumwa wa nani? Mimi Mzaramo, wa Maneromango!"

Akanizaba kofi, nikaona nyota mchana.

Soko zima likaangua kicheko. Wanyamwezi wenyewe, waliokuwa pembeni, wakashika mbavu. Shemeji naye akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Mzee wao mmoja akanijia. "Mtani, umetubandikia ndugu tusiyemzaa. Faini yako: lori likija, usimame uwaite watu kwa zamu, na wewe ubebe wa mwisho."

Faini ya mtani haikataliwi. Nikaita majina, shavu linawaka. Kumbe zamu ikashika! Ngumi zikapungua, kila mtu akapata cha kutia tumboni, isipokuwa mimi niliyekuwa nakipata jua likizama.

Msimu wa kulima tukarudi Kurui, shemeji mzima, na kanga mpya ya mama yake kwapani. Mama mkwe akaniuliza, "Baba, nasikia kulitoka kisu. Ulimzuiaje?"

"Kwa busara, mama."

Shemeji akapaliwa na uji.