Kigari cha Ildefonce na Kitenge cha Marselina

Ildefonce wa Mbinga mjini alikuwa fundi simu hodari, na mnywaji hodari zaidi. Mkewe, Marselina, alikwisha kumwambia wazi: "Baba Jacqueline, nikikukamata tena na hiyo pombe yako ya komoni, narudi kwetu Kitura. Na safari hii usimtume padri kunibembeleza." Ildefonce akaapa kwamba hatakanyaga tena kilabuni. Na kweli, hakukanyaga. Jamani, mtu huyu!

Alichofanya ni kuunda kigari chenye kamera ya simu mbovu, kinachotafuta njia kama sisimizi. Alisikia kwamba sisimizi hana macho makali, ila hukariri sura ya kwao, na wakati wa kurudi hulinganisha anachokiona na alichokariri mpaka vifanane. Basi kigari kikakaririshwa sura ya kilabu cha Mama Hilda, kikakaririshwa na uani kwake Ildefonce, siku ambayo Marselina alikuwa ameanika sare yake ya akina mama wa parokia, kitenge cha bluu iliyokoza. Kikawa kinaenda kitupu, Mama Hilda anakipakia, kinarudi na galoni ya komoni. Mwenyewe anakunywa nyuma ya miti ya kahawa, anajiona mjanja wa wilaya nzima!

Jumamosi moja jumuiya ilisali nyumbani kwa jirani yao Ottilia, kando ya njia ileile, na akina mama wote walivaa sare. Ee Mungu wangu! Kigari kikaona bluu tele. Kikaacha njia, kikaingia katikati ya rozari, kikasimama miguuni pa Marselina, galoni inatoa povu.

Ildefonce, kiu imemshinda, alikuja kukitafuta akakuta macho yote yanamngoja.

"Mama Jacqueline, usikasirike. Hiki nilikifundisha kwamba nyumbani ni pale ulipo wewe."

Akina mama wakaangua kicheko, hata Ottilia aliyekuwa anaongoza sala. Marselina hakucheka; alikitazama kigari, akatazama bluu iliyokizunguka.

"Kumbe chenyewe kinapajua nyumbani kwa kitenge changu. Na wewe je, unapajua kwa kitu gani?"

Marselina akamwaga komoni yote kwenye migomba ya Ottilia, akaondoka. Alipofika pale zinapopaki bodaboda za Kitura, akasimama. Ildefonce naye akasimama. Kisha Marselina akakata kona ya kwenda nyumbani, na Ildefonce akamfuata, macho kwenye kile kitenge, na kigari nyuma yake.